Mhadhara Ambao Odinga Hakuutoa

Wacha nianze na swali ambalo huwezi kuliona kwenye bango lolote la mwaliko: nani huamua mwanafunzi wa chuo kikuu asikilize siasa ya nani?

Nauliza kwa sababu msimu umefika tena. Kila muhula lazima kuwe na kongamano la vijana na uongozi, mazungumzo na mheshimiwa fulani, siku ya utumishi wa umma, na bango lenye sura tano za watu wamevaa suti. Kuna fulana za bure, soda, maneno mengi kuhusu "viongozi wa kesho", halafu picha ya pamoja. Mimi chuo sikumaliza, karo ilinishinda mwaka wa pili, lakini nilikaa muda wa kutosha kuhudhuria kadhaa. Maswali yalikuwa yanakusanywa kwenye vikaratasi, halafu mtu anayachambua kabla mheshimiwa hajayaona. Hilo ndilo lilinifanya nianze kuchimba historia ya haya mambo. Na nikakuta kwamba hapa kwetu kuna mhadhara uliosababisha chuo kizima kufungwa, na wala haukuwahi kutolewa.

Turudi Januari 1969.

Wakati huo Chuo Kikuu cha Nairobi hakikuwa na jina hilo. Kilikuwa chuo kishiriki, kimoja kati ya vitatu vilivyounda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, vingine vikiwa Makerere na Dar es Salaam. Nairobi ilikuja kujitegemea 1970. Wanafunzi walikuwa wachache sana ukilinganisha na leo, na kila mmoja wao alijua kinachomngoja: kiti ambacho Mzungu alikuwa amekiacha juzi tu. Hakuna mtu alikuwa anatembeza bahasha ya CV mjini. Serikali ilikuwa inawatafuta wao. Hawa ndio wangekuwa maofisa wa wilaya, wachumi wa wizara, mahakimu, makatibu wakuu.

Wanasiasa wakubwa walilijua hilo mapema. Tom Mboya alipanga ndege ya 1959 iliyobeba wanafunzi 81 kwenda Marekani, na nyingine zikafuata. Oginga Odinga naye akawa anapeleka vijana nchi za Mashariki, Umoja wa Kisovieti na majirani zake. Watu hupenda kusimulia hizi safari kama wema mtupu, na wema ulikuwepo, sikatai. Lakini pia ilikuwa hesabu. Ukimsomesha kijana leo, kesho ndiye anakaa kwenye dawati linalopitisha faili lako.

Sasa, kufikia 1969 Odinga alikuwa nje ya serikali. Alijiuzulu umakamu wa rais Aprili 1966, akaanzisha chama cha KPU. Walichofanyiwa KPU baada ya hapo kinahitaji posti yake, lakini kuna moja lazima niitaje. Kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa 1968, wagombea wa KPU nchi nzima walienguliwa kwa sababu eti hawakujaza fomu vizuri. Nchi nzima! Chama kizima hakijui kujaza fomu, lakini wa KANU wote wamejaza sawasawa. Wewe fikiria mwenyewe.

Basi wanafunzi wa Nairobi wakamwalika Odinga aje azungumze nao. Si kuongoza maandamano, si kugawa silaha. Kuzungumza. Alikuwa mbunge halali, kiongozi wa chama halali kilichosajiliwa, na alikuwa ametoka kuchapisha kitabu cha maisha yake, Not Yet Uhuru, mwaka wa 1967. Serikali ikakataa. Wanafunzi wakagoma kuingia darasani. Serikali ikajibu kwa kufunga chuo.

Huo mgomo ndio huwa unatajwa ukisoma juu juu, kana kwamba shida ilikuwa ukaidi wa vijana. Mimi nadhani tunatazama upande usiofaa. Swali la kujiuliza ni kwa nini serikali yenye polisi, jeshi, redio na bunge karibu lote iogope mzee mmoja aongee saa mbili kwenye ukumbi. Kura za wale wanafunzi zilikuwa chache mno, hazingebadilisha matokeo ya kiti chochote. Ila kwenye viti vya ule ukumbi wangekaa watu ambao baada ya miaka mitatu wangekuwa wanaendesha wilaya. Kama afisa wa wilaya wa kesho amemsikia Odinga akieleza kwa utulivu kuhusu ardhi na nani aliipata baada ya uhuru, halafu siku moja anatumwa kuwafukuza maskwota mahali fulani, huenda akasita. Na serikali haikutaka mtumishi anayesita.

Miezi ile ile, kule Mombasa, kuna kijana mwingine alikuwa analipia swali lake. Abdilatif Abdalla, umri wa miaka 22, hakuwa mwanafunzi wa chuo kikuu chochote. Alikuwa ameandika kijikaratasi cha kisiasa kilichoitwa Kenya: Twendapi? baada ya ule uchaguzi wa fomu. Akahukumiwa miaka mitatu. Gerezani akaandika mashairi kwenye karatasi za chooni, yakatoroshwa nje, na 1973 yakatoka kama kitabu, Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kitabu hicho kikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta. Naam, yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Wengi wetu tumelisikia jina la Abdilatif kwenye darasa la ushairi, tukaambiwa tutafute mizani na vina, lakini sababu ya yeye kuwa ndani tukapitishwa haraka haraka.

Ninamtaja kwa sababu nyingine pia. Huwa tunadhani mijadala ya nchi ni mali ya waliofika chuo. Mtu akikuuliza "wewe una digrii gani?" anataka unyamaze. Sasa 1969 wasomi walizuiwa kusikiliza, na asiyekuwa na digrii akazuiwa kuandika. Serikali haikubagua.

Mwaka huo haukuisha vizuri. Mboya aliuawa Julai 5. Oktoba kukawa na vurugu na risasi Kisumu siku Kenyatta alipokwenda kufungua hospitali, siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku, Odinga akawekwa kizuizini.

Tuvuke mpaka kidogo, maana kuna watu watasema "huyu anapenda tu kulaumu Kenya".

Dar es Salaam, Oktoba 1966. Serikali ya Nyerere ilikuwa imeamua kwamba kila anayemaliza chuo lazima atumikie Jeshi la Kujenga Taifa: miezi mitano kambini, halafu miezi 18 kazini akilipwa asilimia 40 tu ya mshahara wake. Wanafunzi wakaandamana mpaka Ikulu. Wengine walibeba mabango yanayosema afadhali enzi ya mkoloni. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, na karibu wanafunzi 400 wakafukuzwa wakarudishwa makwao. Wengi waliruhusiwa kurudi baadaye.

Lakini hapo hapo, mbele yao, alitangaza kwamba anakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Na miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na masharti ya viongozi: kiongozi wa chama au serikali asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha, asipokee mishahara miwili.

Mimi sisemi Nyerere alikuwa sawa. Kufukuza watoto wa watu kwa sababu ya bango ni ubabe, na nchi aliyoijenga haikuwapa wapinzani nafasi ya kupumua. Ila kuna kitu pale. Wanafunzi walimwambia, kwa hasira na kwa maneno mabaya, kwamba hamwezi kutuambia tujitolee wakati nyinyi mnakula vinono. Na yeye badala ya kuwatukana tu, aligusa mfuko wake.

Kisha chuo chenyewe kikabadilika. Walter Rodney alifundisha pale. Wanafunzi wakaanzisha kundi lao la siasa, USARF, na jarida lao, Cheche, wakawa wanakutana kusoma na kubishana. Mwenyekiti wa USARF alikuwa kijana wa Uganda anaitwa Yoweri Museveni. Mwaka wa 1970 serikali ya Tanzania ikaona Cheche imewaka sana, ikaizima. Na Museveni, alipofika madarakani 1986, akaanzisha mafunzo yake ya kisiasa, chaka mchaka, yaliyowafikia mpaka wanafunzi wanaoelekea chuo kikuu. Yule aliyekuwa anauliza maswali sasa ndiye aliyekuwa anaandika majibu. Nacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Sisi Kenya tulichukua njia gani? 1971 ikatoka ripoti ya Tume ya Ndegwa, iliyoongozwa na Duncan Ndegwa, kuhusu mishahara na muundo wa utumishi wa umma. Mapendekezo yake yakafungua mlango kwa watumishi wa serikali kumiliki biashara wakiwa bado kazini. Ilionekana busara wakati huo: Waafrika walikuwa nyuma kiuchumi, mbona wazuiliwe? Lakini fikiria matokeo. Ofisa anayegawa leseni anaruhusiwa kuwa na kampuni inayohitaji leseni. Ofisa wa ardhi anaruhusiwa kununua ardhi.

Kwa hiyo miaka minne baada ya Tanzania kumwambia kiongozi chagua kimoja, Kenya ilimwambia chukua vyote viwili. Na hao hao ndio waliokuja kusimama mbele ya wanafunzi kuwahubiria kujitolea. Hii ndiyo sababu nikimsikia mtu kwenye jukwaa la chuo akisema vijana wa siku hizi hawana moyo wa utumishi, natamani kumuuliza kama amewahi kusikia jina Ndegwa.

J.M. Kariuki alikuwa analisema hili waziwazi: hatutaki Kenya ya mamilionea kumi na maskini milioni kumi. Machi 1975 aliuawa, mwili ukapatikana Ngong. Wanafunzi wa Nairobi waliingia barabarani, na kwa miaka kadhaa baadaye walikuwa wanaikumbuka tarehe yake kila Machi, hata wakijua watakutana na rungu. Hakuna ofisi iliyowaandalia ratiba. Kwangu mimi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya utumishi wa umma, ila yalifanyika barabarani.

Halafu Moi. 1982 ni mwaka mzito. Kabla ya lile jaribio la mapinduzi la Agosti 1, wahadhiri walikuwa tayari wanakamatwa, akiwemo Willy Mutunga, ambaye 2011 alikuja kuwa Jaji Mkuu, na Al-Amin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki. Baada ya Agosti 1 chuo kilifungwa zaidi ya mwaka. Titus Adungosi, mwenyekiti wa kwanza wa SONU, alihukumiwa miaka kumi kwa uchochezi. Alifia gerezani 1988. Nimeingia vyuo kadhaa hapa nchini, na sijaona ukumbi wenye jina lake.

Serikali sasa ikatafuta dawa ya kudumu. Ikaipata NYS.

NYS yenyewe ilikuwa na historia nzuri. Ilianzishwa 1964 kwa ajili ya vijana wasio na kazi, chini ya Geoffrey Griffin, yule mwanzilishi wa Starehe. Walijenga barabara, walijifunza ufundi. Lakini kuanzia 1984 kila aliyefaulu kwenda chuo kikuu ilibidi apitie kwanza miezi mitatu ya mafunzo ya NYS, kwa lazima. Sare, gwaride, kuamshwa alfajiri, na mihadhara kuhusu uzalendo na nidhamu. Ikaendelea hivyo mpaka 1990.

Mjomba wangu alipitia Gilgil miaka hiyo. Ukimuuliza, kwanza atakusimulia kuhusu baridi, halafu maharagwe, halafu atakuonyesha jinsi ya kugeuka nyuma kwa gwaride, sebuleni, na kitambi chake. Anasema alipata marafiki ambao hadi leo ni wake: Mkamba, Msomali, Mluo, watoto wa matajiri na watoto wa kuchuma majani chai, wote kwenye bweni moja. Hilo ni jambo kubwa na sitaki kulidharau. Nchi hii ingekuwa bora kama watu wangelala bweni moja mara nyingi zaidi. Nikamuuliza, na ile mihadhara? Akafikiri kidogo. "Tulikuwa tunalala." Kwani kulikuwa na muda wa maswali? Akacheka mpaka chai ikamwagika.

Na je, ile dawa ilifanya kazi? Februari 10, 1985, wanafunzi wa Nairobi walikusanyika uwanjani kwa maombi, baada ya viongozi wenzao kufukuzwa. Polisi wakawavamia. Mwanafunzi mmoja akafa, wengi wakaumia. Mwandawiro Mghanga, aliyekuwa anaongoza SONU, akaishia jela. Novemba 1987 akakamatwa mwenyekiti mwingine, Wafula Buke, akafungwa miaka mitano kwa madai ya ujasusi wa Libya, na SONU ikapigwa marufuku. Hapo NYS ya lazima ilikuwa mwaka wake wa nne. Gwaride lilikuwa limewafundisha kutembea pamoja, basi wakatembea pamoja.

Miaka ya tisini sitakaa sana, kwa sababu kilichokuja kutunyamazisha hakikuwa rungu. Kilikuwa karo. Enzi za kina Adungosi serikali ilikuwa inampa mwanafunzi mpaka posho, boom, na wazee wetu hadi leo wakiitaja wanatabasamu. Kufikia 1991 mzigo ukaanza kuwekwa kwa mzazi, na 1995 HELB ikaundwa kukopesha. Ukiwa na deni, na mzazi ameuza ng'ombe, huwezi kugoma ovyo. Chuo kikifungwa ni wewe unalipa kodi ya chumba. Kisha sheria ya 2016 ikabadilisha uchaguzi wa wanafunzi: badala ya kila komredi kumpigia kura kiongozi anayemtaka, sasa mnachagua wajumbe, na wajumbe ndio wanachagua viongozi. SONU yenyewe Nairobi ikaisha, ikaja UNSA. Sababu walizotoa ni fujo na pesa za wanasiasa kwenye kampeni, na ni kweli fujo na pesa zilikuwepo. Lakini ni rahisi kununua nani, wajumbe kadhaa au komredi elfu hamsini? Hesabu hiyo haihitaji digrii.

Sasa njoo Juni 2024. Mswada wa Fedha. Nani alitufundisha kuusoma? Si kongamano lenye fulana. Watu waliingia kwenye Spaces za X usiku, mawakili vijana wakasoma kifungu kwa kifungu, wengine wakatafsiri kwa Kiswahili na lugha za mama, wengine wakatengeneza video za dakika moja kueleza kodi ya mkate. Nilikuwa kwenye baadhi ya hizo Spaces na simu imechomekwa kwenye chaji, bando linaisha, na nikajifunza bajeti zaidi ya vile niliwahi kujifunza darasani. Hakuna aliyeniuliza kama nina kitambulisho cha chuo. Juni 25 mnajua kilichotokea, na mnajua ni wangapi hawakurudi nyumbani. Siku iliyofuata rais akasema hatautia saini. Julai 5 yeye mwenyewe akaingia kwenye Space kujibu maswali.

Lisiwapite hilo la Julai 5. Mwaka wa 1969 serikali ilifunga chuo ili mwanasiasa asiongee na wanafunzi. Mwaka wa 2024 mkuu wa serikali alilazimika kuja kwenye ukumbi ambao hakuujenga, hauna mlinzi mlangoni, na vijana wanauliza bila kupitisha vikaratasi. Majibu yake hayakuniridhisha, wala sidhani yaliwaridhisha wengi. Lakini mpangilio wa viti ulikuwa umegeuka.

Tangu hapo mialiko ya kampasi imeongezeka, au labda mimi ndiye naiona zaidi. Ghafla kila mtu anataka "kuongea na Gen Z". Mimi sina neno, waje. Katiba ya 2010 kifungu cha 232 kinataja maadili ya utumishi wa umma, ikiwemo kuwashirikisha wananchi katika kutunga sera. Kifungu cha 77 kinamkataza ofisa wa serikali wa kudumu kufanya kazi nyingine ya kumletea mapato, yaani tulichukua miaka karibu arobaini kuanza kuufunga ule mlango wa Ndegwa. Basi nina maswali ya kubeba mkialikwa, na msiyaandike kwenye karatasi, simameni muulize kwa mdomo. Mheshimiwa, una kampuni ngapi? Zinauzia nani? Watumishi wa kaunti yako walilipwa lini mara ya mwisho? Na wale madaktari wanafunzi, posho yao imefikia wapi? Akijibu vizuri, mpigieni makofi, anastahili. Akianza na "vijana wangu, mimi pia nilikuwa kama nyinyi", kaeni chini na muulize tena.

Kuna kijana atasoma hii na aseme siasa za kina Odinga hazimhusu, yeye anatafuta kazi. Sawa kabisa, hata mimi natafuta. Lakini nenda Bondo siku moja. Kuna chuo kikuu pale, kilipata hadhi kamili 2013, kina maabara, kina wanafunzi, kina ukumbi wa mihadhara. Kwenye lango kimeandikwa jina la Jaramogi Oginga Odinga.